Kodi ya Wageni na Kitanda Chetu cha Mvule

Sindo,
Jumapili, baada ya chakula cha mchana

Mama yangu mpendwa,

Salamu hizi zikukute umeketi, maana nakujua hukai, na barua hii si fupi. Goti linaendeleaje? Ile dawa ya kuchua niliyokutumia umeitumia, au umempaka mbuzi aliyeteguka mguu? Mvua imeshafika huko Isebania? Huku sisi tu wazima, sote watatu. Nimeandika "watatu" nikasimamisha kalamu, nikalitazama neno hilo. Mjukuu wako ananyonya, analala, na Sabato iliyopita alipiga kelele kanisani mpaka mhubiri akafupisha mahubiri. Marwa anasema sauti hiyo ni ya upande wako. Sikubishana naye.

Wifi Robi, wewe unayemsomea Mama, Mungu ayabariki macho yako. Soma polepole, na usiongeze chumvi. Chumvi iliyomo inatosha.

Mama, barua yako niliipata kwa mzee Nyamohanga alipopita hapa na biashara yake ya ng'ombe. Umeniuliza mambo mawili. La kwanza, kama ni kweli Marwa alishtakiwa kule Homa Bay kwa ajili ya kitanda. La pili, ile nyumba tuliyokaa mjini tukingoja mtoto tuliilipia nini, ili uuze mahindi ututumie. Mahindi usiuze, Mama. Na habari ya kitanda ni kweli, ila mzee Nyamohanga amekuletea mkia akaacha ng'ombe. Marwa hakuiba kitanda cha mtu. Kitanda kilichotupeleka ofisini ni chetu wenyewe, kile cha mvule ambacho kaka Mwita alituchongea tulipooana. Ngoja nikueleze tangu mwanzo, nawe utaona jinsi watu wema wanavyoweza kuingia matatani kwa wema wao.

Unakumbuka yule nesi wa hapa Sindo aliniambia nini mimba ilipofika miezi saba. Alisema, "Boke, umezika wawili. Huyu wa tatu usimngojee hapa. Kakae karibu na hospitali kubwa, mahali unapoweza kwenda kwa miguu." Maneno mazuri, lakini Homa Bay tungekaa kwa nani? Sisi ni Wakuria tuliokuja ziwani kushona nguo. Hatuna shangazi kule, hatuna mjomba. Vyumba vya kupanga vyote ni vya watu wanaotaka malipo ya miezi mitatu mbele, na cherehani moja ya Marwa haishoni kwa kasi hiyo. Nilikuwa nalala nikilitazama dari, nikisema labda safari hii Mungu atanihurumia tu hapa hapa. Sikumwambia Marwa, lakini nilikuwa nimeanza kukata tamaa.

Basi akaja Mwalimu Onyango. Huyu anafundisha shule moja kule Homa Bay, na huja hapa kwa Marwa kushonesha sare za wanafunzi wake, kwa sababu anasema mafundi wa mjini wanaiba kitambaa. Siku hiyo alikuja na mkewe. Mkewe tunamwita Mama Awino, kwa jina la binti yake mkubwa. Ni mwanamke mfupi, mweusi tititi, Mkatoliki wa kufunga Ijumaa, na mdomo wake haujui mlango. Anafanya biashara ya omena, wale dagaa wa ziwani. Kila wiki anapanda lori kuja Sindo kununua, anarudi Homa Bay kuuza, na faida yote inaliwa na nauli. Alikuwa analalamika kwamba angepata mwezi mmoja tu wa kukaa hapa ufukoni, anunue omena wakitoka majini, aanike mwenyewe, angepata mtaji wa mwaka mzima. Likizo ya shule ilikuwa inakaribia, lakini hapa Sindo hawana ndugu kama sisi tusivyokuwa na ndugu kwao.

Nami nikamweleza shida yangu. Nyumba yao ya kupanga, ya mji, iko nyuma tu ya hospitali. Mama Awino akanitazama tumbo, akatazama nyumba yetu, akatazama ziwa, kisha akasema, "Nyinyi muko na nyumba karibu na samaki na hamuuzi samaki. Sisi tuko na nyumba karibu na hospitali na hatuna mgonjwa. Ni Mungu alikosea kugawa, ama ni sisi wajinga?"

Marwa, unamjua, mzee wa kanisa hata akiwa amekaa kwenye cherehani, akajibu, "Mungu hakosei."

"Basi ni sisi wajinga," akasema Mama Awino. "Tubadilishane. Mwezi mmoja. Nyinyi kwetu, sisi kwenu. Hakuna mtu analipa mtu."

Mama, nililia pale pale mbele ya wateja. Sikuona haya.

Ila kulikuwa na jambo moja, na Mwalimu alilisema kwa taabu, akiangalia viatu vyake. Kwao Wajaluo, mtu na mkewe hawalali kwenye kitanda cha mtu na mkewe mwingine. Ni mwiko, na mwiko huo haujui kama wewe ni mwalimu au ni Mkatoliki. Nyumba tunaweza kupeana, sufuria tunaweza kupeana, lakini kitanda kila mtu abebe chake. Marwa akasema hakuna shida, heshima ya mwenyeji ndiyo kanuni ya mgeni. Basi lori la samaki likapeleka kitanda chetu Homa Bay, na liliporudi likaleta chao Sindo. Dereva alisema tangu aanze kuendesha hajawahi kuona watu wawili wanaobadilishana nyumba halafu wakahamisha kitu kizito kuliko vyote vilivyomo.

Kutoka lori linaposimama mpaka nyumbani kwa Mwalimu ni kupita katikati ya soko. Marwa akakodi mkokoteni. Kitanda juu, kimesimama kwa ubavu, mimi nyuma na tumbo langu na birika mkononi. Soko lote liligeuka. Mama mmoja wa nyanya akauliza kama tumefukuzwa na mwenye nyumba. Mwingine akampa Marwa pole ya msiba. Na mbele ya ofisi ya nyumba za mji alikuwa amesimama karani, kijana mwembamba wa Kosele aitwaye Okeyo, na kalamu sikioni. Alitutazama tu mpaka tulipoingia kwa Mwalimu.

Siku ya tatu asubuhi akabisha hodi, na daftari kwapani. Alikuwa na adabu, sitamsingizia. Alinisalimu, akauliza hali yangu, akakataa kiti.

"Mama, hii nyumba ni ya Mwalimu. Nyinyi ni nani?"

"Wageni wake," nikajibu.

"Na Mwalimu iko wapi?"

"Yuko kwetu, Sindo."

Akatikisa kichwa. "Wageni wako, mwenye nyumba hayuko. Na nyinyi mlikuja na kitanda. Mimi nimetembelewa na watu wengi, Mama. Mgeni huja na kuku. Huja na ndizi. Mgeni gani anakuja na kitanda?"

Hapo Marwa akatoka chumbani. Mama, mume uliyenipa hajui kudanganya, na wakati mwingine natamani angejifunza kidogo. Angesema tu sisi ni ndugu. Angesema Mwalimu kasafiri. Lakini yeye akaketi, akaeleza yote kwa utaratibu: Sindo, omena, hospitali, mwezi mmoja, nyumba kwa nyumba. Karani anaandika, yeye anaeleza. Hata akamngojea amalize mstari.

Karani akafunga daftari, akasema, "Bwana Marwa, asante kwa ukweli. Sasa sikiliza na mimi. Sheria ya mji inasema, mtu akilaza watu kwa malipo, ya pesa ama ya kitu kingine, hiyo ni nyumba ya kulala wageni. Lazima iwe na laiseni, na ilipe kodi ya wageni kwa kila kitanda. Nyinyi mmempa Mwalimu nyumba, yeye amewapa nyumba. Ukinipa mahindi nikupe maharagwe, hatujafanya biashara? Nyumba yenu ndiyo malipo."

"Lakini hakuna aliyepata faida," akasema Marwa.

"Mama Awino hapati faida ya omena?"

Marwa akanitazama. Mimi nikaitikia kwa kichwa, maana ilikuwa kweli, na nilikuwa nimefurahi kwa ajili yake.

Nikamwuliza karani, kama ni hivyo, si tulipe hiyo kodi basi, hata kama ni kushinda njaa tupate pesa za kulipia? Akanieleza. Nyumba zile ni za mji. Aliyepanga haruhusiwi kuifanya nyumba ya kulala wageni. Tukilipa kodi ya wageni, tumekiri kwamba Mwalimu alikuwa na gesti ndani ya nyumba ya mji, na Mwalimu atanyang'anywa nyumba, yeye na mkewe na watoto wanne. Na tusipolipa, sisi tutoke. Akasema ameshapata taabu na watu waliojaza wapangaji wakasema ni binamu, na wakubwa wake walimkemea yeye. "Hii sheria si ya Mzungu tena," akasema. "Ni yetu. Tukianza kuiruka sisi wenyewe, nani ataifuata?" Akatupa mpaka Ijumaa ya wiki inayofuata, tufike mbele ya kamati ya nyumba.

Mama, nitakuambia ukweli nilioupata siku hiyo. Niliogopa kuliko nilivyoogopa tangu tulipomzika wa pili. Nesi alikuwa amenihesabia wiki tatu. Kichwani nilimwona Mama Awino akiwa na watoto wake nje na sufuria zao, kwa sababu yangu. Nikaanza kukunja nguo za mtoto, zile ndogo ulizonishonea, nikazitia kapuni. Marwa akauliza naenda wapi. Nikamwambia narudi Sindo, nitazalia pale nilipozalia wengine, na Mungu atajua. Marwa hapendi kupandisha sauti, lakini siku ile aliipandisha. Akasema, "Boke, hao wengine niliwachimbia mimi. Sichimbi tena." Akachukua kapu, akalipeleka kwa jirani, ili nisilione. Jioni ile alinikorogea uji, na nikaunywa.

Dereva wa lori alipeleka habari Sindo. Jumatano nikasikia sauti ya Mama Awino ikitangulia njiani kabla yake mwenyewe. Akaingia ananuka omena mpaka kwenye nywele, Mwalimu nyuma yake. Nilianza kumwomba msamaha. Akanikatiza, akiniita binti wa Wakuria kwa Kijaluo, "Nyamaza, nyar Kuria. Huyo karani wa Kosele namjua mpaka mamake. Kazi yako ni kukaa na hiyo tumbo." Akaenda kuwasha moto kana kwamba tumemwalika chakula.

Ijumaa tukafika ofisini. Chumba kidogo, benchi moja, meza moja, na wanaume watatu. Mwenyekiti alikuwa mzee mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi upande mmoja. Walianza kwa Kiswahili kwa ajili yetu, wakiteleza kwenye Kijaluo kila walipochangamka, nasi tukidaka nusu nusu. Karani akasoma maelezo yake, na kwa haki hakupotosha hata neno moja. Mwenyekiti akamwuliza Mwalimu anasemaje. Mwalimu, ambaye nadhani huongea darasani tu, akasimama, akakohoa, akaketi. Basi mkewe akasimama badala yake.

"Karani, nisomee tena. Hiyo kodi ni ya nini?"

"Ni kwa kila kitanda mgeni amelazwa."

"Kitanda ya nani?"

Karani akaangalia karatasi. "Ya mwenye nyumba ya wageni."

"Haya. Kitanda yangu iko Sindo. Nimelala juu yake mpaka Jumanne usiku, na Mwalimu ni shahidi. Kitanda iko hapa Homa Bay ni ya Boke, ilipita soko lote ikaona, na wewe uliiona. Unajua kwa nini aliibeba. Wewe ni Mjaluo, usijifanye hujui. Sasa nionyeshe kitanda mimi nimekodisha. Na uniambie, ni gesti gani hapa Kenya mgeni anaingia na kitanda yake juu ya mkokoteni?"

Watu waliokuwa wanangoja shauri lao mlangoni wakaangua kicheko. Hata mwenyekiti alivua miwani akajifuta. Mimi nikaona tumeshinda. Lakini karani hakucheka. Alingoja wamalize, akasema kwa upole kwamba kitanda kimeeleweka, yeye mwenyewe alikosea kukihesabu, lakini bado kuna nyumba. Nyumba kwa nyumba ni malipo. Kama si malipo, kamati imwambie ni nini, ili kesho mwingine akija na hadithi kama hiyo ajue la kumjibu. Na mwenyekiti akaacha kucheka, akasema karani ana haki ya kuuliza.

Mwalimu akaangalia viatu. Mama Awino akafungua mdomo, na kwa mara ya kwanza hakikutoka kitu. Nikasimama mimi. Sijui nani alinisimamisha, labda mtoto.

Nikasema, "Mzee, mimi sijui sheria, nimesoma mpaka darasa la sita tu. Lakini nyumbani kwetu Baba alikuwa akipeleka ng'ombe wengine kwa rafiki yake ng'ambo ya mto, na rafiki yake akileta wake kwetu. Ugonjwa ukiingia upande mmoja, mtu asibaki bila kitu. Sisi tulikunywa maziwa ya ng'ombe wa watu, na watoto wa watu walikunywa maziwa ya ng'ombe wetu. Baba alilipa kodi yake kila mwaka. Alipouza ng'ombe mnadani, alilipa ushuru wa mnada. Lakini sikuona siku hata moja askari akija kudai ushuru wa soko kwa yale maziwa. Ng'ombe hawakuuzwa, Mzee. Waliwekwa kwa rafiki. Nasi tumeweka nyumba kwa rafiki."

Nikaketi, Mama. Mwenyekiti akaanza kuongea Kijaluo na mwenzake wa kulia, na nilisikia neno "dhiang'", yaani ng'ombe, likirudi mara kwa mara. Mwenzake akanyoosha vidole vinne, akakunja kimoja. Baadaye Mama Awino aliniambia kwamba mzee yule ana ng'ombe wanne kwa rafiki yake kule milimani, na mmoja amekufa, na walikuwa wanakumbushana.

Mwishowe mwenyekiti akageuka kwa karani. "Okeyo, andika. Mpangaji akiondoka, mwenye nyumba amebaki na kitu mfukoni. Hawa wakiondoka, kila mtu anarudi kwake na kile alikuja nacho, mpaka kitanda. Hiyo si gesti. Mwalimu aendelee kulipa kodi ya nyumba yake kama kawaida. Kodi ya wageni hakuna, kwa sababu hakuna kitanda imekodishwa na hakuna malipo. Lakini majina yao yaingie kwenye kitabu, tujue nani analala wapi. Na Mwalimu," akamwelekezea kidole, "siku ukichukua hata ndururu kwa mtu, tutaonana hapa hapa."

Karani aliandika, akaomba mwenyekiti aweke sahihi, kisha akapumua. Nadhani alikuwa ametaka hivyo tangu mwanzo, ila alitaka jambo hilo liwe limeandikwa. Tulipokuwa tunatoka akamwambia Marwa, "Mzee, wewe usibadilike. Lakini siku nyingine mwambie mke wako aongee kwanza." Na kesho yake Jumamosi, tuliporudi kutoka kanisani, tukamkuta mke wa karani mlangoni petu na kibuyu cha uji wa wimbi. Akasema bwana wake amemtuma, na amesema huu uji hauna laiseni, tunywe haraka.

Siku kumi baadaye uchungu ulinianza mchana, nikiwa naanika nguo. Nilikwenda hospitali kwa miguu yangu, Marwa akinishika kiwiko na Mama Awino, aliyekuwa amekuja kuuza omena, akinishika kingine na kumkemea kila aliyetusimamisha njiani. Ni hatua mia nne. Nilizihesabu, kwa sababu ndizo zilizotuletea shauri lote lile. Mtoto alitoka amezungukwa na kitovu shingoni, Mama, mara mbili. Hakulia. Mkunga alikikata, akamgeuza, akampiga mgongoni, akampulizia, na mimi nilikuwa nimelala nikitazama mgongo wa mkunga. Kisha nikasikia ile sauti ambayo Marwa anasema ni ya upande wako. Daktari alikuja baadaye akaniuliza ninakaa wapi siku zote. Nikamwambia Sindo. Akasema, "Kama ungekuwa Sindo leo..." halafu akaandika kitu kwenye karatasi yake akaenda kwa mgonjwa mwingine.

Kwa hiyo, Mama, sisi ni watu wa kushukuru. Kila nikimwosha huyu mtoto nawataja kwa majina: nesi, Mwalimu, Mama Awino, dereva wa lori, mzee wa miwani, na hata karani Okeyo simruki. Wako waliotusaidia kwa kuvunja utaratibu maishani mwetu, lakini hawa walitusaidia na utaratibu ukabaki umesimama. Marwa amemshonea Mwalimu suruali mbili. Amezikataa, akasema zitaonekana ni malipo, kamati itamwita. Tumekubaliana azipokee Krismasi.

Nisalimie kaka Mwita, fundi wetu, umwambie kitanda chake kimesafiri kwenda na kurudi na hakijalegea hata msumari. Msalimie shangazi Weigesa aliyenifundisha kupika, na wajukuu zako wote wa hapo nyumbani. Mzee Nyamohanga msalimie pia, umwambie safari ijayo apitie kwangu kwanza apate habari nzima. Wifi Robi, asante, na pole kwa koo. Tutakuja mtoto akishapata nguvu ya safari.

Nilitaka kufunga hapa, lakini kuna jambo nimelizunguka tangu nianze kuandika, na usiku sitalala nisipokuambia.

Tuliporudi Sindo, Mwalimu na mkewe walikuwa wameshaondoka, ufunguo wameuacha kwa jirani. Ndani palikuwa safi. Nikamwachia Marwa kitanda, nikatoka na mtoto mgongoni kwenda nyuma ya jiko. Unajua mimi huwa siendi upande ule wa ua wa minyaa. Tangu tuwalaze wale wawili pale, majani yalikuwa yameota mpaka huwezi kujua kuna nini, na mbuzi wa jirani walikuwa wanapita juu. Marwa hakuthubutu kufyeka kwa sababu yangu, nami sikuthubutu kumwambia afyeke. Basi nikapiga kona, Mama, nikakuta majani yamefyekwa. Vile vilima viwili vimezungushiwa mawe ya ziwani, meupe, yamepangwa sawasawa. Miba imewekwa kuzuia mbuzi. Na ardhi imefagiwa, alama za ufagio bado zinaonekana.

Nilikaa chini pale na mtoto, nikalia kilio nilichokuwa nimekiweka kwa miaka minne. Marwa alinikuta, akavua kofia, akakaa na mimi. Tulikaa mpaka mtoto alipodai maziwa.

Wiki iliyopita Mama Awino alikuja kununua omena. Nilimshika mikono nikataka kumshukuru. Hatukuwa tumewahi kumwambia kuna nini pale. Aliona mwenyewe. Akawa anajifanya ana haraka, anatazama mitumbwi, kisha akasema, "Boke, tulipewa nyumba iko na watoto wawili. Ningekaa nao mwezi mzima, nisiwafagilie?"

Ni mimi binti yako akupendaye,

Boke